Ombi la Nyimbo za Msiba Harusini Buhinyuza, kwa Sababu ya Umeme

Mushasha, Gitega
Jumatatu jioni

Kwa Baba Adriano, Mwenyekiti wa kwaya yetu, mtunza funguo za kabati na mwenye subira nyingi,

Pokea heshima zangu. Ni mimi Martha wa sauti ya kwanza, yule anayesimama nyuma ya nguzo. Nakuandikia ingawa milango yetu inatazamana, kwa sababu uso kwa uso nashindwa. Shule nilianza kwa Kiswahili kambini kwa wakimbizi, Tanzania, nikaendelea kwa Kifaransa hapa nyumbani, kwa hiyo najua kunyamaza kwa lugha mbili.

Shida yangu ni mashine ya muziki. Kinanda hatuna, Baba, unajua. Tuna kompyuta ndogo ya ubao mmoja, niliyoifungia ndani ya kisanduku cha sabuni, na ndiyo inayotupigia kinanda kilichorekodiwa. Ina matundu manne ya USB: moja linalisha spika, moja kipaza sauti, na yaliyobaki nitayaeleza kwa uchungu hapo chini. Yenyewe inalishwa na chaja ya simu, moja tu.

Kule Bukirasazi, tulikokwenda kuimba, mashine ilizima katikati ya ubeti. Ukanigeukia mbele ya kanisa zima ukasema, "Martha, anzisha." Nikafungua mdomo, ikatoka pumzi. Mbuzi aliyekuwa nje akaanzisha badala yangu, na Mzee Anatoli wa besi, ambaye huwa hapendi kuchelewa, akamfuata.

Jumamosi tunakwenda Muyinga, kule Buhinyuza, kuimba harusi ya Fabiano na Bora. Watu wote tuliokua nao kambini watakuwepo. Mashine ikizima tena, utanigeukia tena. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu, pamoja na dawa zake.

Kwanza, simu. Wanakwaya wakiona matundu wanadhani ni nyumba ya kuchajia. Mama Emerensiana anafika mazoezini waya uko tayari mkononi: "Martha mwanangu, nichomekee kidogo tu, wala hainaga njaa sana." Nami namchomekea, halafu nasema asante. Sijui kwa nini nasema asante mimi. Tundu la mwisho limeshikwa na waya mmoja unaoingia kwenye mfuko wa kitenge tunaobebea spika. Ni wa nani, hasemi mtu. Hata Sandrine muuza vitenge, yule aliyetoka Uvira, amechoka kungoja zamu yake: "We Martha, nani huyu anakulaga umeme kila siku? Hana haya?" Kweli hana, Baba. Huyo ndiye aliyetuua Bukirasazi. Lakini nikipekua mfuko mbele ya watu, nitakuwa nimemwita mtu mwizi.

Mashine yenyewe imelelewa vizuri mno, kama sisi. Haiwezi kumwambia mgeni kwamba chungu kimekauka. Inagawa, inatabasamu kwa kijitaa chake chekundu, inagawa tena, halafu inaanguka.

Siombi simu zichomolewe. Kumchomolea Mama Emerensiana, aliyenisimamia ubatizo, ni kama kumwondolea tonge mdomoni. Naomba tu kamati itangaze kwamba simu zinafunga, kama watu wanavyofunga Kwaresima.

Pili, besi. Sauti nzito za kinanda ndizo zinazokula umeme kuliko zote, spika zikitetemeka mashine inapepesuka. Naomba besi iondolewe kabisa, na Mzee Anatoli ahamie kwa akina mama. Suruali anaweza kubaki nayo.

Tatu, nyimbo. Nimepima nyimbo zetu zote, na nimegundua kwamba za furaha zinakula mno. Nyimbo za msiba zinakwenda polepole, hazina ngoma, na mashine inazimudu bila kuyumba. Naomba Bora aingie kanisani kwa wimbo wa msiba. Kwanza mabibi harusi wetu wanatakiwa kuingia wakilia, kwa hiyo tutamsaidia. Wazazi wakiuliza, tutasema ndiyo mtindo wa Gitega siku hizi.

Kama wazazi watakataa, basi Bora na atembee haraka, afike altareni kabla ya ubeti wa pili. Akichelewa kwa sababu ya viatu, avivue.

Nne, kama hilo nalo ni gumu, harusi ifanyike kimya. Wageni wapige makofi ya taratibu, nami nitabana kona nikiwa na furaha kuliko bwana harusi. Sijakataa kuimba, Baba. Nyumbani naimba, kuku ni mashahidi. Ila ukisema "anzisha", nafunga kama duka la Jumapili.

Natumaini kamati itaona kwamba nimetanguliza faida ya kwaya. Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, Mzee Anatoli (asisomewe kifungu cha pili) na wote wanaoniulizaga mbona siongei.

Mimi binti yako mwenye unyenyekevu,
Martha

T.B. Jumanne. Kaka yangu Eliud ameleta mashine na spika zake nyumbani nizifute vumbi. Nimefungua ule mfuko wa kitenge peke yangu, mlango nimeufunga. Waya ule umeshika simu yangu, ile niliyoililia tangu Bukirasazi nikidhani imeibiwa. Niliichomeka asubuhi ile ijae chaji, ili niwe na kitu cha kutazama watu wakinisalimia, nikaisahau.

Nimeichomoa. Nimepiga wimbo wa Bora kuingia, na besi yake yote, simu ya mama yetu mzazi ikiwa kwenye tundu la Mama Emerensiana, na mashine haikuyumba. Nikajisahau nikaimba hadi mwisho. Eliud alikuwa dirishani. Anasema mbuzi alipandisha sauti kidogo kuliko mimi, lakini mimi najua maneno.

Kwa hiyo yote niliyoomba nayafuta, Bora atembee anavyotaka. Barua naileta hivyo hivyo, maana nikija mikono mitupu utaniuliza nimefuata nini, na itabidi niongee.