Ruta Iliyomhamisha Mama Mkwe

Mtaa wa Retallick,
Moonta, Australia Kusini.
14 Oktoba

Kwa Meneja wa Malalamiko,
Kampuni Iliyotufungia Faiba.

Mheshimiwa Meneja,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA FAIBA NA KURUDISHIWA WAYA WETU WA SHABA, PAMOJA NA MUME WANGU

Nakusalimu wewe, wasaidizi wako na wote wanaokula mezani pako. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ila tumetawanyika: mimi niko jikoni, mume wangu yuko bandani, na mama yake, ambaye ni marehemu, yuko juu ya mashine ya kukatia nyasi.

Jina langu ni Noreen Trengove. Nina miaka sabini na mmoja, na arobaini na minane kati ya hiyo nimekuwa mke wa Kelvin Trengove, mstaafu wa maghala ya ngano kule Wallaroo. Wiki tatu zilizopita mlitufungia faiba. Leo ni siku ya kumi na moja Kelvin anakula bandani. Naomba unisikilize kwa utulivu. Nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Shaba. Fundi wenu alipofika aliukata waya wa shaba uliokuwa ukituletea mtandao, akaukunjakunja kama utumbo wa kondoo, akautupa nyuma ya gari. Mheshimiwa, huu ni mji wa shaba. Babu wa babu yake Kelvin alivuka bahari kutoka Cornwall kuja kuichimba, akafia humo humo shimoni. Nyinyi mmeing'oa kwa koleo, mkatuwekea kiuzi cha kioo chembamba kama unywele. Kelvin alimwuliza fundi, "Bwana wee, hiki ndicho kitabeba mpira mzima, wachezaji wote na marefa?" Fundi akajibu, "Mzee, kitabeba na uwanja wenyewe." Tukacheka sana. Siku zile tulikuwa bado tunacheka.

2. Visanduku. Tuliachiwa viwili, cheupe kimepigiliwa ukutani na cheusi chenye taa na masikio mawili, ambacho ndicho ruta. Fundi alikuwa na haraka. Alisema cheusi tutakiunga wenyewe, hakuna kazi. Kelvin akakiunga kwa dakika mbili, akajipangusa mikono kama mtu aliyejenga daraja. Halafu mtandao ukaanza kujikokota kama kondoo mwenye mimba.

Hapa sina budi kukueleza kwa nini nilijali. Binti yetu Janine anaishi Perth, na ana mtoto wa miezi minne, mjukuu wetu wa kwanza, Tilly. Sijamshika bado. Kila nikimpigia Janine kwa picha, Tilly alikuwa anaganda mdomo wazi, na sijui kama anacheka au analia. Bibi gani asiyejua mjukuu wake anacheka au analia?

3. Adabu za mfanyakazi wenu. Nilipiga simu huduma kwa wateja nikiwa nimejiandaa kugombana. Nilikunywa chai kwanza, nikavaa viatu. Akapokea Bi. Marivic, yuko Ufilipino. Nikamwambia kampuni yenu ni ya matapeli. Akasema, "Pole sana, Mama Noreen. Hata mimi ningeudhika." Sasa mtu unamgombezaje anayekuunga mkono? Aliniuliza taa zinawakaje, nikamwambia zote zinawaka, tena zinapendeza. Akaniambia nizime, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Tukahesabu pamoja. Nimempigia mara tisa. Ugomvi wangu wote nimerudi nao nyumbani kama mzigo uliokosa mnunuzi, na badala yake nimemfundisha kupika pai za nyama na viazi. Hili ni lalamiko zito na naomba lisipuuzwe.

4. Ushauri wa Bi. Marivic. Ruta niliiweka kabatini mwa mikate, kwa sababu ina sura mbaya. Bi. Marivic akasema, "Kabati hilo ni la bati, mama? Basi umeifunga jela." Nikaihamishia nyuma ya tangi la samaki. Akasema maji yanameza mawimbi. Nikaiweka karibu na maikrowevu, na kila Kelvin akipasha supu, Tilly anaganda. Nikamwambia Kelvin achague kati ya supu na mjukuu. Akala supu baridi siku mbili bila kunung'unika, nami nataka hilo liandikwe, maana yeye si mtu mbaya.

Mwishowe nikamwuliza Bi. Marivic, "Basi niiweke wapi, mwanangu, kichwani?" Akasema, "Katikati ya nyumba, mama. Juu. Mahali pa wazi. Na mbali na chuma au shaba yoyote."

5. Katikati ya nyumba. Mheshimiwa, nyumba yetu ina katikati moja tu. Ni rafu iliyo juu ya meko ya kuotea moto pale sebuleni, na ina mwenyewe. Mama mkwe wangu, marehemu Elva Trengove, yuko hapo tangu tulipomchoma kwa wasia wake miaka sita iliyopita. Majivu yake yamo ndani ya chombo cha shaba tupu ya Moonta, kizito kama mtoto wa miaka miwili. Enzi za uhai wake pia alikaa katikati ya nyumba yangu, juu, mahali pa wazi, na hakuna mawimbi yaliyopita bila yeye kujua.

Nilimwomba Kelvin kwa upole. Nilimwambia, "Mpenzi, Mama tumsogeze kidogo."

Akasema, "Mama haondoki."

"Ni hatua nne tu, mpaka kwenye dirisha."

"Noreen, mama yangu hawezi kulipisha sanduku la taa."

Lakini siku ya Alhamisi Kelvin alikwenda klabuni kuviringisha matufe, na mimi, Mungu anisamehe, nikampakata Elva kwa mikono miwili, nikampeleka chumba cha kufulia, nikamweka juu ya rafu baina ya sabuni ya unga na vibanio. Nikaipandisha ruta mahali pake. Nikampigia Janine.

Sijui nikuelezeje. Tilly alitokea mzimamzima! Niliona kope zake moja moja. Niliona ute ukimtoka mdomoni unang'aa kama shanga. Janine akamtekenya, mtoto akacheka, nami nikasikia kile kicheko wakati ule ule kilipotoka, hakikuchelewa hata kidogo. Nilicheza, Mheshimiwa. Kwa goti hili baya nilicheza sebuleni peke yangu, nikimwita Kelvin kwa sauti kubwa nikisahau kwamba hayupo.

Kumbe yupo. Alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa matufe. Hakumtazama mtoto. Aliitazama rafu.

"Mama yuko wapi?"

Nikasema, "Amepumzika."

"Alikuwa hajapumzika? Yuko wapi, Nor?"

Nikamwonyesha. Alimtoa katikati ya sabuni, akampangusa unga kwa leso, akatoka naye. Nilidhani anamzungusha bustanini apate hewa. Hajarudi. Usiku huja kulala, lakini huja kama mpangaji, na alfajiri anarudi bandani kwa mama yake, aliyemweka juu ya mashine ya kukatia nyasi.

6. Kasi. Hili lilipaswa kuwa la pili, ila naandika kwa kalamu na sifuti. Zamani, mtandao ukiwa mbovu, nikimwandikia Kelvin neno kali kwenye simu lilichukua dakika tano kufika. Nilikuwa na muda wa kujuta, kukimbia bandani na kumwomba msamaha kabla halijamfikia. Ndoa yetu imeishi ndani ya dakika hizo tano. Tangu Alhamisi ile, neno linafika kabla sijamaliza kulikasirikia. Juzi niliandika, "Basi kaolewe na mama yako." Halikuchukua hata sekunde moja. Nilimwona kupitia dirishani akilisoma, akavua miwani, akakaa juu ya ndoo. Ningekuwa na waya wa shaba, ningemwahi.

7. Samaki mmoja amekufa. Sina ushahidi, lakini naliweka.

Kutokana na hayo, ninadai yafuatayo. Kwanza, mrudishe waya wa shaba, ule ule, si mwingine. Mkishindwa, mtujengee katikati ya pili ya nyumba, sehemu yoyote mtakayoona inafaa. Mkishindwa na hilo, Meneja mwenyewe aje hapa na tai, asimame mbele ya mashine ya kukatia nyasi na kumwomba radhi marehemu Elva, kwa sauti, maana masikio yake yalikuwa mazito miaka ya mwisho. Na Bi. Marivic aagizwe kunijibu vibaya angalau mara moja, ili nipone.

Fundi mwingine ameahidiwa kesho asubuhi. Nitampokea kwa sababu nimelelewa, lakini msimamo wangu haubadiliki: mtandao huu una nguvu kupita kiasi na umevunja nyumba.

Msalimie mama mkwe wako, ukijaliwa kuwa naye, na umwache alipo. Wasalimie pia mafundi wote na Bi. Marivic, umwambie asisahau pilipili manga.

Ni mimi ninayesubiri kwenye laini,

Noreen Trengove (Bi.)

N.B. Sikuwahi posta, na sasa ni kesho yake saa tano asubuhi. Fundi amekuja, mwanamke mmoja mpole mwenye kofia. Aliinama nyuma ya ruta dakika moja tu, akauliza, "Nani aliunga hii?" Kelvin akainua mkono kama mwanafunzi. Kebo iliingizwa tundu la pili badala ya la kwanza. Fundi akasema nyumba hii haijawahi kupata hata tone la faiba tangu ilipofungwa.

Nikamwambia haiwezekani, mbona nimemwona Tilly na kope zake? Akaitazama simu yangu, akasema, "Mama, uko kwenye waifai ya mtu anayeitwa Glenys."

Glenys Pascoe ni jirani yetu, tunagusana ukuta. Kelvin akashika kichwa. Mwezi wa sita, mtandao wetu ulipokufa katikati ya mechi, alimwomba Glenys neno la siri, akalitia kwenye simu zetu na runinga, akasahau kabisa. Ule mtandao wa kujikokota ulikuwa wa Glenys. Na Alhamisi ile niliyomhamisha Mama, Glenys naye alifungiwa faiba. Kasi yote niliyoilaumu ni yake. Nilimuuliza fundi kuhusu chombo cha shaba. Akasema hata tukipanga kumi, haidhuru, akahamisha kebo na kutuunga kwenye faiba yetu.

Kelvin alitoka, akarudi na mama yake kifuani, ana majani makavu kwenye kifuniko. Nikayapangusa mimi. Nikamwambia, "Mama, nisamehe," jambo ambalo sikumwambia hata siku moja alipokuwa hai, na Kelvin akasema amesikia. Sasa yuko mahali pake, ruta iko ubavuni mwake, na Tilly amemwona babu yake akilia na kucheka kwa wakati mmoja, bila kuganda.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, futa yote, isipokuwa salamu. Faiba msiiguse. Ombi limebaki moja, na ni letu sote wawili: mkija mtaani, Glenys asiambiwe. Sasa hivi ametuita pale uani, akalalamika kwamba faiba yake mpya haina nguvu, hasa mechi zikianza. Tumempa pole, na pai mbili.