Wateja Thelathini wa Jani Pole

Jumatatu, 14 Oktoba 2019

Nimeamka na mgongo, lakini habari ya leo si mgongo. Bi Najma wa kampuni ya Jani Pole amekuja hapa Malvern, mtaa wetu wa wahamiaji, kutuona mawakala wake wawili wa Jules Street. Wa kwanza ni mimi, Bakiri wa Tanga. Wa pili ni Mama Agnès wa Bukavu, msusi. Bi Najma anasema kampuni itabakiza mmoja tu. Atakayefikisha wateja thelathini waliorudi na kopo tupu kununua jingine, kabla ya saa sita mchana Jumamosi ya tarehe 26, huyo ndiye wakala. Mwingine atarudisha meza na mwavuli.

Sirudishi mwavuli. Nilishaandika nyumbani kwamba mimi ni wakala, na mama ametangaza mtaa mzima, ingawa hajui ni wakala wa nini. Nilimwambia ni dawa ya kuchua. Kweli tupu! Ni dawa ya kuchua, imetengenezwa kwa bangi isiyolevya, na tangu Mei sheria ya hapa inaruhusu. Shida ni lile jani lililochorwa kwenye kopo na kwenye mwavuli. Nimemtumia mama picha ya mwavuli uliofungwa.

Hesabu hadi leo: Mama Agnès kumi na sita. Mimi mmoja, na huyo mmoja alirudi kwa sababu kifuniko kilikataa kufunguka.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekwenda saluni kwake kumpeleleza. Ili asinishuku nimenunua kopo, bidhaa ileile niliyoijaza chini ya kitanda changu. Sijakaa, akaniuliza mgongo umeanza lini. Nani kamwambia? Anasema ameona nilivyoshika mlango. Akanikataza kubeba meza peke yangu. Akanionyesha pa kupaka.

Nimekaa saa nzima nikitafuta siri. Hana bango. Hana punguzo. Ana kioo chenye ufa na kibao cha kukalia wanaosubiri. Akaingia Ignace, mlinzi wa duka la fanicha ambaye Jumapili ni mchungaji, akitaka kopo la pili la goti lake. Mama Agnès akalipokea kopo lake la zamani, akalitikisa, akamrudishia. Akamwambia, "Ungali nayo, baba. Rudia, utakuya ikiisha."

Eti arudi nyumbani, aje dawa ikiisha. Amemfukuza mtu mwenye pesa mkononi! Nimecheka njia nzima. Mgongo umepoa kidogo, lakini hilo halihusiani.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimepata wazo kubwa. Kadi ya uaminifu! Kila kopo muhuri mmoja, mihuri kumi kopo la bure. Mwenye kadi lazima arudi.

Sikutaka kadi ya kitoto. Watu wetu wanaheshimu kitu rasmi. Kwa hiyo nimeweka nafasi ya picha ndogo, jina kamili, nchi ulikotoka, tarehe ya kuingia na tarehe ya kuisha. Isipogongwa ndani ya miezi mitatu, inakufa. Fundi wa mihuri Doornfontein amenichongea muhuri wa duara wenye nyota, mzuri kuliko wa serikali. Nimenunua na kamba ya kupangia foleni.

Ignace ndiye wa kwanza niliyempa. Ameishika kwa ncha za vidole, akaisoma mpaka mwisho, akairudisha mezani. Alisema, "Mie niko na karatasi moja ya kugonga muhuri, na inanitosha." Mtu asiyependa maendeleo, huyo. Wengine nao wameangalia ile kamba wakavuka barabara.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimefika na meza yangu nikakuta foleni. Foleni! Watu zaidi ya arobaini, wengine na blanketi, wengine na watoto. Nusura nilie. Nimewaza: Mama Agnès, pole sana.

Nimefungua meza, nimepanga makopo, nimetoa muhuri. Mama mmoja wa mbele akaniwekea karatasi yake ya hifadhi ya ukimbizi. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuja na ya mume wake pia. Kumbe tangu Ijumaa maneno yameenea hadi Rosettenville kwamba Malvern kuna Mtanzania anayegonga muhuri wa kuongeza muda, huna haja ya kwenda ofisi ya wakimbizi Pretoria.

Nimewaeleza kwamba mimi nagonga ya bangi tu. Hilo halikusaidia.

Sitaandika walichoniita. Nilikuwa chini ya meza nisisikie yote. Mama Agnès ndiye aliyetoka na kile kibao chake, akamkalisha mjamzito, akawapa watoto chai, akawaambia kwa Kiswahili cha kwao na Kifaransa kwamba huyu ndugu hana ubaya, ana haraka tu. Halafu akaona miguu yao. Watu waliosimama tangu alfajiri! Akawapaka mmoja mmoja, bila kuuza kitu. Nilimwangalia kupitia miguu ya meza na nakiri niliguswa. Mwanamke yule akiamua jambo, hata mikono yake haina papara.

Muhuri nimeutupa. Kamba nimebaki nayo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Wale wa foleni wameanza kununua na kurudi. Kwake. Yeye ana ishirini na tano sasa. Mimi ninao kumi na wawili: yule wa kifuniko, na Ignace na waumini wake kumi, ambao walinionea huruma siku ya foleni na wakaja mara mbili.

Lakini siri nimeigundua! Ni WhatsApp. Mama Agnès humtumia kila mteja ujumbe kumuuliza kiungo chake kinaendeleaje. Basi nami nimefanya hivyo, tena kwa ufanisi zaidi. Yeye hutuma mmoja mmoja, anapoteza siku. Mimi nimefungua kundi moja, nikawaingiza wote kumi na wawili, nikauliza kwa majina. Mama fulani, kiuno? Baba fulani, vidole? Mchungaji Ignace, lile goti bado linakusumbua usiku?

Nilikuwa sijui kwamba Jumapili iliyopita Mchungaji Ignace alitoa ushuhuda mbele ya waumini kwamba goti limepona kwa maombi, na akaruka mara tatu kuthibitisha.

Kufikia saa nane mchana nilikuwa peke yangu kwenye kundi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Siku ya hesabu. Sina mteja hata mmoja wa kuleta kopo, kwa hiyo nimeona heri niende kwa Mama Agnès nishuhudie anavyohesabiwa. Ila pale huingii hivihivi, lazima uwe na sababu, na kopo langu lilikuwa na nusu. Nimejipaka mgongo, mabega, viwiko na magoti mpaka likaisha. Nikaenda nikinukia kwa mbali.

Bi Najma alikuwa amekaa na daftari. Wateja ishirini na tisa. Saa sita kasoro dakika tano. Mama Agnès anasuka tu, hana habari. Nimeanza kutumaini: asipofika thelathini, huenda tukaanza upya!

Bi Najma akaliona kopo mkononi mwangu. Akaniuliza kama ni tupu. Ni tupu. Nililinunua wapi? Siwezi kusema uongo mchana kweupe, nikasema hapa. Nataka jingine? Nikatazama kabati, nikasema ndiyo. Akaandika thelathini.

Nimerudisha meza. Mwavuli Mama Agnès ameomba niachiwe, kwa ajili ya jua, na ameniambia kuna kazi ya kumpelekea makopo Doornfontein nikitaka. Halafu akaniuliza, "Mugongo iko aje, ndugu?" Nikamweleza kwa dakika kumi. Ni fundi, mwanamke huyu, nampa heshima yake yote. Ana mbinu fulani anayoificha, na hadi sasa sijaiona. Nitarudi Jumatatu kumchunguza vizuri, na kopo likiwa halijaisha nitajipaka hata masikio.