Buti Langu Limebaki Withen

Alhamisi, 9 Mei 1985
Gordon katangaza mezani, mdomo umejaa viazi. Wanamtaka Nyuzilandi, akatengeneze majokofu. Kana kwamba huko hakuna watu wenye mikono! Jibu wanalitaka kabla ya Ijumaa ijayo kwisha. Nikamwambia kule ni chini ya dunia, damu itamshukia kichwani. Kacheka. Mwanangu wa pekee, miaka thelathini na moja, hajui soksi zake zinakaa droo gani, anacheka!

Shule sikukaa sana, lakini hili nalijua: mwanamume akipata mchumba hasafiri. Jumapili chama chetu cha matembezi kinavuka vilima vya Withen, na Philippa atakuwepo, yule nesi mpya kutoka kusini mwa Uingereza. Mpole, meno yake yote yapo. Mimi nitazama kidogo kwenye tope. Kidogo tu, mpaka magoti. Gordon atanishika mkono huu, Philippa ule, macho yao yatakutana juu ya kichwa changu. Kazi kwisha.

Jumapili, 12 Mei
Mvua toka asubuhi. Thelma wa nyumba ya pili kaja na mpwa wake Nigel, kapakwa mafuta kichwani mpaka mvua inateleza. Kumbe naye ana mipango yake kwa Philippa! Aibu hana.

Bwana Ackroyd, kiongozi wetu, katuambia tukanyage anapokanyaga yeye. Tukiona vile vishungi vya nyasi vyeupe kama pamba tusivisogelee, chini yake ni kinamasi. Kuniambia mimi! Nimezaliwa hapa. Nikachagua penye vishungi vichache, nikangoja Gordon na Philippa wakaribie, nikaingia.

Si magoti. Kiuno! Nikapiga yowe la kweli, siyo lile nililofanyia mazoezi bafuni. Na nani kanidaka? Thelma! Mkono mmoja yeye, wa pili Nigel, na Bwana Ackroyd kanikamata ukosi kama paka. Thelma akaniuliza, "Mavis mpenzi, umezaliwa hapa au umeshushwa jana?" Watu wakaangua kicheko. Buti la kushoto limebaki huko huko. Nimerudi na mfuko wa plastiki wa mkate mguuni.

Na Gordon? Kajiinamia, hawezi kusimama kwa kucheka. Philippa kamshikilia bega, naye machozi yanamtoka. Mama wa mtu anazama! Lakini lile bega nililiona. Papo hapo, natiririka maji meusi, nikamkaribisha Philippa kwa chai Jumanne.

Jumanne, 14 Mei
Hawa watu wa kusini wamelelewa wapi? Ukiambiwa njoo kwa chai, maana yake njoo jioni ule ushibe. Kila mtu anajua! Philippa kagonga saa kumi, mimi na vibanio kichwani, pai ya nyama bado mbichi. Eti alitaka kikombe cha chai. Kikombe! Na Gordon bado kazini. Nikamzuia kwa picha: Gordon ndani ya beseni, Gordon na tetekuwanga. Nikamjazia kikombe tena na tena, mpaka maskini akawa anakaa upande upande.

Gordon kaingia Philippa akivaa koti aondoke. Akamsindikiza kituoni. Basi likaja, likaenda. Likaja jingine, likaenda. Nimeyaona yote dirishani, Philippa hapandi! Nikala pai peke yangu kwa furaha.

Jumamosi, 18 Mei
Nimeuzwa! Jana Gordon kawajibu ndiyo. Na Philippa je? "Ndiye aliyenipa moyo, mama. Dada yake anaishi kule. Naye Philippa atanifuata Septemba." Kumbe kule kituoni walikuwa wanapanga safari, na mimi huku nashangilia mabasi! Akanikumbatia. Nikamwambia aniache. Kisha nikamwambia asiniache.

Thelma kachungulia ukutani kunipa pole. "Angalau umempatia mke." Angalau! Nigel wake yupo jikoni kwake sasa hivi anakula mkate na jamu. Wengine wana bahati hata hawaioni.

Lakini nimefikiri. Nimemuuliza Bwana Ackroyd kama Nyuzilandi kuna vinamasi. Tele, kasema. Nimenunua buti jipya, tena jozi nzima, la kushoto peke yake hawauzi, wezi wale. Krismasi nitakwenda kuwatembelea. Tutatoka vilimani. Wakinivuta wataona wenyewe kuwa mtu kama mimi haachwi peke yake, watarudi nami nyumbani wote wawili.

Nitazama kidogo tu. Mpaka magoti.