Karavani ya Marehemu Oene

Ijumaa, 3 Mei
Karavani, nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na gari, imefika! Tumeinunua kwa Bibi Tjitske, mjane wa kijiji cha pili. Ilikaa ghalani tangu mumewe, Oene, alipofariki. Ndani bado inanukia peremende. Mke wangu, Aukje, ametoka hospitali majuzi, na nimemwahidi kwamba Alhamisi, sikukuu ya Kupaa, atakunywa kahawa kando ya ziwa. Kasoro moja: gari letu halina ndoano ya kukokotea. Kaka yake Aukje, Gosse, ni fundi magari. Anasema atanifungia wiki ijayo, Jumamosi. Jumamosi! Na yeye mwenyewe anakwenda ziwani Alhamisi, ambako imebaki nafasi moja tu ya kuegesha karavani mbele ya maji. Njama naiona. Nitafunga mwenyewe.

Jumatatu, 6 Mei
Nimetoa bampa. Limetoka vipande viwili. Chuma cha ndoano kimekaa imara kwa boliti nne. Mbili zimebaki mkononi, bila shaka za akiba. Kazi ni nyaya. Soketi ina matundu kumi na matatu, na maelezo ni ya Kijerumani. Nimefuata rangi zilizonivutia.

Jumanne, 7 Mei
Nimechomeka plagi ya karavani. Nikawasha indiketa ya kushoto, waipa ya nyuma ikafuta kioo. Aukje akaniita kutoka dirisha la jikoni: taa za breki za karavani zinawaka. Nikamjibu sijakanyaga kitu. Nikachomoa plagi. Akasema bado zinawaka.

Nikazunguka nyuma, plagi mkononi. Kweli. Nyekundu, tulivu. Kisha zikafifia taratibu, kama mtu aliyeondoa mguu kwenye pedali.

Umeme uliosalia kwenye nyaya. Hutokea.

Hata hivyo nikampigia Bibi Tjitske. Aliuliza kama tumeshasafiri nayo. Nikasema bado.

"Basi mwende polepole, mwanangu," akasema. "Oene hapendi mwendo wa kasi."

Hapendi! Uzee huo.

Jioni Gosse alipita, akaomba nusu saa tu azitazame nyaya, kwa kuwa dada yake ndiye atakayepanda gari hilo. Nilikuwa nimeshafunika kazi yangu kwa blanketi. Haibi ujuzi wangu.

Jumatano, 8 Mei
Tuliondoka leo asubuhi, siku moja kabla ya Gosse. Barabara ya mfereji ilijaa ukungu. Nikakimbiza themanini. Aukje alinisihi nipunguze. Mara karavani ikang'ang'ania nyuma, magurudumu yakalia, tukasimama kwa kishindo.

Nilishuka nikifoka. Wenzo wa breki ya mkono wa karavani ulikuwa umesimama wima. Niliushusha mwenyewe nyumbani, Aukje akiniona.

Ukungu ukajivuta kidogo. Hatua kumi mbele yetu, barabara ilikuwa imeisha. Daraja limeinuliwa juu, taa zake za onyo zimezimika, na chini mashua inapita kimya.

Aukje alikwenda kwenye mlango wa karavani, akaweka kiganja juu yake.

"Asante, mzee," akasema.

Ndani springi za kitanda zililia, kama mtu anakaa.

Aukje akampigia simu Gosse, akaja kutuokoa. Alifungua kila kitu, akapauka.

"Shemeji, waya wa taa za breki haujafika kwenye soketi. Taa hizi haziwezi kuwaka."

Nikamwambia jana ziliwaka. Alifunga nyaya upya na boliti zote sita, saa mbili nzima, bila kuipa karavani mgongo hata mara moja.

Alhamisi, 9 Mei
Ziwani! Nafasi ya mbele ya maji ni yetu. Gosse alichelewa kufunga mizigo yake kwa kushughulika na gari letu. Ajilaumu mwenyewe.

Aukje anakunywa kahawa juani, rangi imemrudia usoni. Ameandaa vikombe vitatu, cha tatu amekiweka kwenye kizingiti cha karavani. Nimemwambia asimzoeshe.

Nimeyatafakari yote kwa makini. Chanzo cha matatizo ni kimoja: ule wenzo wa breki. Unajiinukia ovyo na kutuchelewesha. Spana ninayo. Kabla ya kurudi nitaung'oa.

Aukje anasema atarudi nyumbani na kaka yake. Vizuri. Gari likiwa jepesi, nitakwenda mia.