Mkanda wa Mbwa Siku ya Posa

Leo nimeadhirika. Naandika haya nimekaa juu ya kigoda msalani, nimejifunga taulo, simu nimeishika kwa mkono ulio safi. Mkono wa pili bado. Nitaeleza.

Mnaonijua mwajua nina wasiwasi. Si ule wa mitihani, ni ule wa udhu. (Wenzangu hutawadha, wakaswali, wakarudi kazini. Mimi bado niko kwenye kiwiko cha kushoto, najiuliza kama maji yalifika.) Nina kibanda cha kutengeneza simu Majengo, na kwenye msikiti wa hapo nimeuzoea mfereji wa mwisho. Huugeukia ukuta ili nisiwaone watu wanaoningoja. Kuna mzee anayesimamia tangi la maji, hunisemesha kutoka nyuma kila Adhuhuri: "Wewe wa mfereji wa mwisho, hawa wenzio watatawadha kwa mate?" Uso wake sijawahi kuuona, wala yeye hajauona wangu, maana humjibu bila kugeuka. Nikimaliza hutoka ubavu ubavu kama kaa.

Sasa, leo ilikuwa siku yangu. Babake Rukia alikubali kuniona. Rukia nilimjua alipoleta simu iliyopasuka kioo. (Kioo chenyewe nilikichelewesha makusudi, ili aje tena kuulizia.) Baba yangu ni marehemu, kwa hivyo wa kunisemea ni Ami Salimu, ndugu yake baba, aliye jirani yetu hapa Mji wa Kale. Kwa desturi sisi ndio tungekwenda kwao na posa. Lakini babake Rukia, Mzee Athumani, aliagiza kuwa kabla ya posa yoyote atapita kwa Ami baada ya Alasiri, anywe kahawa, amtazame kijana kwa macho yake. Akipendezwa, tulete posa. Asipopendezwa, tusijisumbue. Vijana wengi wameharibika kwa madawa, alisema, na hamtoi mwanawe kwa mtu asiyemjua.

Hapo tu palitosha kuninyima usingizi. Kumbe bado kulikuwa na mbwa.

Ami anafuga mbwa ndani ya Mji wa Kale. Ukimwita mbwa, Ami anakasirika. Huyu ni saluki, mbwa wa kuwinda, aliletewa na jamaa zake wa Uarabuni, na jina lake ni Shahini. Babu zake Shahini walikuwa wakikimbiza paa jangwani. Hapa kwetu kuwinda ni marufuku na paa hakuna, basi amebaki na paka. Juzi alimkimbiza paka mmoja hadi ndani ya hitima ya jirani, sinia la pilau likapinduka mbele ya masharifu. Majirani wakasema: akitoka tena, aondoke mtaani kabisa.

Asubuhi Ami akaniita. "Nasoro, nenda mjini ukanichagulie ule mkanda wa umeme wa kumfunza mbwa. Wewe ni fundi, mambo ya betri wayajua. Mimi siwezi kukaa na mgeni kuzungumza mambo ya heshima, na huku sikio langu liko uani. Usipoupata, nitamwambia Mzee Athumani aje siku nyingine."

Siku nyingine! Kwa baba mwenye mashaka hakuna siku nyingine. Nikatoka mbio.

Muuzaji dukani alikuwa mpole. Akanipangia mikanda juu ya meza na kunieleza: huu hulia, huu hutetemeka, huu huuma. Nikamuuliza upi unafanya kazi bila mimi kumgusa mbwa. Akanitazama kidogo. Akasema, "Kaka, mkanda huvaliwa shingoni." Basi nikauliza upi unafika mbali zaidi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini wahenga hawakuwahi kuiona rimoti. Akanitolea mmoja unaofanya yote matatu, rimoti yake ina kidude cha kuzungusha kuongeza nguvu, na mkanda wenyewe una meno mawili ya chuma ya kugusa ngozi. Ukiwa upande mmoja wa uwanja, mbwa upande mwingine, unamfikia. Nikaupenda papo hapo.

"Ni huo tu uliobaki," akasema. "Mteja aliujaribu, akaurudisha."

"Aliujaribu kwa mbwa?"

"Sasa angeujaribu kwa mbuzi?"

Hapo wasiwasi ukaniamka. Mbwa wa kuwinda ni ruhusa kumfuga, sawa, lakini mate yake ni yale yale. Na mate ya mbwa, kwa tuliosoma chuo cha Kurani, huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Muuzaji akanihakikishia hauingii maji. Nikaubeba ndani ya mifuko mitatu ya karatasi, nimeuning'iniza mbali na mwili.

Nyumbani nikaanza kuuosha. Maji hayakuwa na shida. Shida ilikuwa mchanga, maana Mji wa Kale ni mawe na simiti, mchanga utautoa wapi? Nikachota kwenye chungu cha mrihani cha Mama. Nilipomaliza nikakumbuka kuwa Mama huutia ule mrihani mbolea ya mbuzi. Mbolea ni najisi, na najisi haitoharishi najisi. Nikaanza upya. Kuna nyumba inatengenezwa hapo kichochoroni, mafundi wamemwaga fungu la mchanga. Nikaenda na kata, nikachimba hadi katikati, kwa sababu juu paka wamepafanya choo. Mafundi walinitazama, hawakusema kitu. (Heri wangesema.)

Nilipomaliza, Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa na mkanda ulikuwa bado umelowa. Nikavaa kikoi, nikavaa kanzu juu yake, simu nikaisahau mezani, nikakimbia kwa Ami. Alikuwa mlangoni. Akachukua rimoti, akanyoosha kidole kuelekea uani: nenda ukamvishe, mgeni yuko njiani.

Nikaingia uani. Shahini akanifurahia. Alikuja mkia unacheza, ulimi nje, unadondoka mate kama mfereji mbovu. Nikaushika mkanda kwa ncha za vidole na kumwambia atulie. Akautazama mkono wangu kwa hamu. Jamani, sikuweza. Nilijaribu, kisha nikajaribu tena, kisha nikasikia Ami akiniita kuwa mgeni ameingia.

Ningeuweka wapi? Mfukoni mwa kanzu ungetuna, ungeonekana. Nikauchomeka kibindoni, ndani ya mkunjo wa kikoi, meno yale ya chuma yakakaa juu ya tumbo langu. Nikatoka na kuusukuma mlango wa uani kwa mguu, maana lile komeo Shahini hulilamba na mimi siligusi.

Sebuleni nikatoa salamu, mgeni akageuka. "Waalaykum salaam, kijana."

Ilikuwa sauti ya mzee wa tangi la maji.

Nikambusu mkono huku nimeinamisha uso, nikajibu kwa sauti nyembamba ili asinitambue. Ami akanikazia macho. Tukaketi mikekani. Kahawa ikamiminwa, nikapewa kisahani cha halwa. Mzee akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia mimi ni fundi simu. Kule nyuma Shahini akaanza kukwaruza mlango.

Nikahisi mtekenyo tumboni. Nikadhani ni simu. Kisha nikakumbuka simu iko nyumbani, mezani.

Nikamtazama Ami. Mkono wake wa kulia ulikuwa na tasbihi, na chini ya tasbihi, rimoti. Anamtabasamia mgeni, kidole gumba kinabonyeza. Ami anaamini mkanda uko shingoni mwa Shahini! Mbwa akikwaruza, yeye anabonyeza, na dawa inaniingia mimi.

Ningefanya nini? Nimwambie Ami mbele ya mgeni kuwa mkanda wa mbwa ninao mimi, nimeuvaa? Nikaamua kuvumilia. Mvumilivu hula mbivu, nilijiambia. Shahini, kwa upande wake, hakuwa na sababu yoyote ya kunyamaza.

Mzee akaniuliza naswali wapi. Swali hilo hasa. Nikasema pale nitakapokuwa wakati umeingia, na katikati ya neno "wakati" Ami akaongeza nguvu. Nikaruka kidogo. Mkanda ulikuwa na maji, na mimi ni fundi, najua maji na umeme wakikutana huwa nini. Jasho likaanza kunitoka chini ya kofia. Kisahani kikawa kinatetemeka. Mzee akaacha kunywa kahawa. Alinitazama macho, akatazama mikono, akarudi kwenye macho, nami nikaona kabisa anachokifikiri. Rukia alikuwa anaondoka, naona kwa macho yangu.

"Mwanangu," akasema polepole, "usinifiche, mimi ni mtu mzima. Watumia kitu?"

Ami akaumia kuliko mimi. "Huyu? Mzee Athumani, huyu hata dawa ya kichwa hamezi mpaka aulize imetengenezwa na nini." Wakati huo huo Shahini akabweka, kubweka kwa nguvu, na Ami, aibu imemjaa, akazungusha kile kidude mpaka mwisho, akabonyeza.

Niliruka mpaka nikasimama wima. Halwa yote ikanijaa mkononi na kwenye kanzu. Na sauti iliyonitoka, Wallahi sikuichagua, ilikuwa ya kubweka. Shahini akanijibu kutoka uani.

Kisha kikoi kikalegea. Mkanda ukateleza ndani ya kanzu, ukaanguka mkekani mbele ya magoti ya Mzee Athumani, taa yake nyekundu inawaka na kuzima.

Mzee akaukodolea macho. "Ni nini hiki?"

"Ni cha mbwa," nikasema.

"Na mbona wakivaa wewe?"

Swali hilo halina jibu zuri. Nikasema lile la kwanza lililokuja, nikasahau kuifanya sauti nyembamba: "Lakini nimekiosha mara saba, mzee, moja kwa mchanga. Tena nimerudia, kwa sababu mchanga wa kwanza nilikuwa na shaka nao."

Mzee akainua kichwa taratibu. "Hebu geuka," akasema. "Geukia ukuta."

Nikageuka. Ningefanya nini?

"Lahaula. Wewe ndiwe yule wa mfereji wa mwisho."

Sijui kama mtu anaweza kufa kwa aibu, lakini nilikuwa tayari. Na hapo ndipo ule mlango niliousukuma kwa mguu ulipofunguka. Shahini akaingia mbio, mbwa wa kuwinda kweli kweli, akaipita mikeka, akampita Ami, akaupita hata mguu wa mgeni. Alikuwa na windo moja tu: halwa. Akaulamba mkono wangu kuanzia kiganja hadi kiwiko, polepole, hakuacha mahali. (Yeye kwenye kiwiko hana wasiwasi.) Mzee Athumani akakunja kanzu yake mpaka magotini na kurudi nyuma hadi mlangoni. Akatikisa kichwa, akavaa makubadhi, akaondoka bila kumaliza kahawa. Ami akatoka nyuma yake akimwita.

Nikarudi nyumbani mkono nimeunyoosha mbele kama mlinda lango, watu wananipisha vichochoroni. Mama aliponiona akajua. Nikaingia msalani, nikafunga mlango, nikalia kidogo. Sioni haya kusema. Rukia ninampenda, na mambo yote niliyofanya leo niliyafanya kwa ajili yake, na kila nililoogopa ndilo lililonifika.

Nikaanza kuosha. Nilipofika pa mchanga nikamwomba Mama aende kwa mafundi. Akarudi mikono mitupu. Fungu lote limeshachanganywa na simiti. Basi nikakaa kwenye hiki kigoda, nikaanza kuwaandikia nyinyi, kwa sababu sikuwa na la kufanya jingine.

Nikiwa katikati ya kuandika, mlango ukagongwa. Ami. Nikajua ananiletea jibu, nikamwomba alisemee huko huko nje, nisimwonyeshe uso.

"Mzee Athumani alicheka njia nzima," akasema. "Nimemsindikiza mpaka kwake. Asema kijana anayeyaogopa mate ya mbwa hivi, madawa atayagusa wapi? Fungua mlango kidogo, akupa hiki."

Nikafungua ufa. Mkono wa Ami ukapitisha kopo la maziwa, limejaa mchanga mkavu, msafi.

"Asema, 'Mpe mkwe wangu. Nimeuchekecha mwenyewe. Na mwambie leo mfereji aufunge.'"

Mkwe wangu! Nililishika lile kopo kifuani. Mama, kumbe alikuwa anasikiliza ukumbini, akapiga vigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha kuuliza kuna nini.

Ila vile vigelegele vimenipotezea hesabu ya kuosha. Nilikuwa ya nne au ya tano? Basi, naanza upya. Na nyinyi msicheke, posa ni Ijumaa, na ninataka niwe nimeshatoka humu.