Urithi wa Mzee Saratani

Kanisani kule Berea, ghorofa ya pili ya jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla wengi wa waumini wake, Wakongo, hawajafika Afrika Kusini, Hénock alikuwa amekaa safu ya mwisho akisinzia kwa heshima. Ibada ilikuwa imekwisha, zimebaki matangazo. Aliamshwa na neno moja.

"Urithi," alisema mama mmoja kwenye maikrofoni. "Ndugu zangu, natafuta koo zenye urithi wa saratani."

Hénock akafumbua jicho moja. Kisha akafumbua na la pili, maana aliona jambo lililostahili macho mawili: watu wote, hata waliokwisha kubeba mikoba waende kula, walikuwa wamekaa tena.

Mama yule alikuwa Profesa Tabia, mtu wa Tanga, mwenye maabara huko Braamfontein. Ujana wake wote aliumalizia kwenye darubini akichunguza jinsi kansa ya utumbo inavyopita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na alikuwa na hoja moja iliyomnyima usingizi. Aliamini kwamba katika koo fulani jeni inayolinda mwili haijaharibika hata kidogo. Ipo, nzima kabisa, ila imezimwa. "Ni kama mlinzi wa getini," alipenda kusema. "Hajafukuzwa kazi, sare anayo, mshahara anakula, lakini kuna mtu kamfunika blanketi." Wenzake walikuwa wamesoma jeni za Wazungu mpaka zimewachosha, lakini za watu wa Maziwa Makuu hakuna aliyezigusa. Shida ni kwamba watu wa Maziwa Makuu hawakuja kupimwa, na wafadhili walikuwa wamempa mpaka mwisho wa mwaka, wasipopatikana wafunge mfuko wao.

Haya yote aliyaeleza kwa Kiswahili safi cha redioni, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Watu wa Bukavu, Uvira na Lubumbashi kansa wanaijua, tena wanaiogopa, lakini wao wanaiita kansere. Saratani hawajawahi kukutana naye. Walichosikia wao ni kwamba kuna mtu anaitwa Saratani, ameacha urithi, urithi unakwenda kwa ukoo, na mate kidogo kwenye kichupa yanatosha kuonyesha nani amerithi.

Katika ukumbi ule mzima, aliyejua maana ya neno lile alikuwa Hénock peke yake, kwa sababu aliwahi kukaa kambi ya wakimbizi Kigoma, na zahanati ya kambi ilikuwa na mabango. Mtu mwema angesimama akawafafanulia wenzake. Hénock naye alisimama.

"Prof," alisema kwa sauti ya shemasi, "batu betu hii Kiswahili yako inabapita juu kidogo. Ukiruhusu, mimi nitakuwa mkalimani."

"Mungu akubariki, kaka yangu," alisema Profesa Tabia, na machozi yakamlengalenga.

Kufika jioni Mzee Saratani alikuwa amekamilika. Alizaliwa Kalemie, akachimba dhahabu Kamituga, akaoa kila alipolala, akafia kwenye jumba lake Sandton bila kuacha wasia. Hénock akamtia na jino la dhahabu, maana marehemu tajiri asiye na jino la dhahabu hapendezi.

"Lakini miye siko mu ile ukoo," alisema Steve, fundi cherehani wa mtaa, mtu mwenye tamaa ya waziwazi isiyomsumbua mtu.

"Nani amekuuliza kama uko?" alijibu Hénock. "Mate ndiyo itasema. Na pembeni ya mate anakaa nani?"

Steve akafikiri. "Wewe."

"Basi."

Ndipo ikazaliwa desturi ya kifungua mate. Hénock hakudai chochote, Mungu apishe mbali. Alisema tu kwamba mkalimani aliyeshiba hutafsiri vizuri. Steve akamshonea suti ya buluu yenye kizibao, kwa kitambaa alichokwenda kukichagua mwenyewe Fordsburg. Marcelline, mwenye saluni chini ya jengo, akawa anamnyoa bure na kumtumia sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na samaki kila mchana. Wengine walileta walichonacho, na chumba cha Hénock kikaanza kukosa pa kukanyaga.

Jumatatu foleni ilitoka mlangoni kwa Profesa Tabia ikashuka ngazi mpaka barabarani, karibu na robot, taa za kuongozea magari. Profesa alisimama dirishani akaitazama, akajisikia kama bibi harusi. Kisha akaanza kuwaita mmoja mmoja, Hénock akiwa kitini katikati, kalamu sikioni.

"Ndugu Steve," aliuliza Profesa, "saratani iliingia kwenu kwa upande gani?"

"Upande ya mama," alijibu Steve bila kusita. "Alikuwa anakuja kila Noeli."

Profesa akainua kichwa. "Kila Krismasi?"

"Anasema maumivu, Prof," aliwahi Hénock. "Wakati wa baridi ya kule kwetu ndiyo inakaza."

"Pole sana. Na ilimkuta nani?"

"Ilikuta sisi wote. Alikuwa anapenda batoto."

"Amesema watoto pia wako hatarini," alitafsiri Hénock, na Profesa akatikisa kichwa kwa huzuni. Marcelline alipoulizwa kama anaelewa kuwa majibu yanaweza kumshtua, alijibu kwamba yeye yuko tayari kabisa kushtuliwa, hata leo.

Kazi ilikuwa inakwenda kama maji mpaka Steve, aliyekwisha kutema lakini hakuondoka, alipomtazama mkalimani wake kwa makini.

"Hénock, mbona wewe hutemi?"

Foleni yote ikageuka. Swali lilikuwa zuri, na Hénock alijua kuwa swali zuri likikaa muda mrefu bila jibu huzaa watoto. Akachukua kichupa, akatema kwa madaha kama anayetia sahihi mkataba. Profesa akamwuliza habari za kwao, naye kwa kuwa hakuwa na uongo wa karibu akasema kweli: mama yake alikufa kwa tumbo, mama mdogo Spès vilevile, wote hata mvi hawakuziona. Alisema hivyo huku akiangalia saa, maana sahani ya Marcelline ilikuwa njiani.

Miezi ikapita. Hénock aliwatuliza watu wake kwa kusema kwamba mate ya Kikongo ni mazito, mashine inayachuja polepole. Siku moja simu ikalia.

"Ndugu Hénock," alisema Profesa kwa sauti ya chini, "tumeuona urithi. Uko kwako. Njoo peke yako, tuzungumze kwa faragha."

Sasa, Hénock alijua vizuri saratani ni nini. Lakini alikuwa amemsimulia Mzee Saratani mara nyingi mno, na dhahabu yake, na jumba lake, na jino lake, hata akawa anamkumbuka. Na sauti ile ya chini! Akajiambia kwamba Profesa hawezi kumwita mtu faragha bila sababu. Akavaa suti ya buluu, akapaka mafuta viatu, akashuka kwenda Braamfontein akipiga mluzi.

Hakujua kwamba Marcelline alimwona kupitia kioo cha saluni, na kwamba suti ile ilitembea barabarani huku mshonaji wake akiifuata nyuma, pamoja na nusu ya kanisa.

Profesa alimketisha. Akamweleza kwa upole: katika damu yake yule mlinzi yupo, mzima, lakini amefunikwa blanketi tangu tumboni kwa mama yake. Hiyo ndiyo iliyomwua mama, ndiyo iliyomwua Spès. Ukoo ambao Profesa alikuwa ameutafuta ujana wake wote ulikuwa umekaa kitini kando yake, ukimtafsiria uongo.

"Kwa hiyo hakuna jumba," alisema Hénock.

"Jumba gani?"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. "Tumesikia!" alipiga kelele Steve. "Iko kwake! Prof, tunagawana sawasawa, sisi wote tuko ukoo moja na huyu!"

"Kabisa!" walisema wengine.

Ilibidi Profesa aeleze upya, na safari hii, akiwa ameanza kuelewa, alitumia neno kansere. Marcelline ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi nyuma.

"Eish," alisema. "Huyu mutu mimi hata jina yake siijui."

"Mimi niko wa Kasai," alisema Steve, ambaye siku zote alikuwa wa Uvira. Kisha akakumbuka jambo, akarudi, akanyoosha mkono. "Suti."

Hénock akabaki ofisini kwa Profesa na soksi na fulana. Profesa alimpa koti jeupe la maabara, na katika koti hilo alirudi Berea, akiamkiwa "dokta" njia nzima.

Hospitali walimpa dawa ya kusafisha tumbo, iliyomfanya akiri hata vyakula ambavyo hakuvila, kisha wakampitishia kamera mahali ambapo, kwa heshima ya msomaji, hatutapataja. Wakakuta kinyama kidogo, wakakikata hapohapo. Alikuwa amewahi. Lakini Profesa alimshika mkono akamwuliza: "Una ndugu wa tumbo moja?"

Alikuwa nao wawili. Placide, mlinzi Durban, hakuwa akipokea simu zake. Jocelyne, dada yake mkubwa, yaani yaya kwa lugha ya kwao, alikaa mitaa miwili tu kutoka kwake. Huyo ndiye ambaye Hénock aliwahi kumwuzia nafasi hewa ya kuhamia Kanada. Dada wa watu akaaga mtaa mzima, akashinda uwanja wa ndege kutwa nzima akiwa na koti la theluji.

"Yaya Jocelyne," alisema Hénock mlangoni, "iko ugonjwa mu damu yetu. Ndiyo ilichukua mama. Prof anaomba mate yako tu. Bure."

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Hénock, ukiniambia mvua inanyesha, miye naanika nguo."

Akaeleza tena, na sauti ikamkatika, na machozi yakamtoka kweli. Jocelyne akamtazama kwa kuvutiwa. "Umeendelea. Zamani machozi yako ilikuwa inachelewa."

"Naapa kwa mama, yaya."

Jocelyne akaacha kucheka. "Mama usimuingize mu biashara yako," alisema, akafunga mlango.

Hénock akakaa kwenye ngazi. Aliogopa kuliko alivyoogopa hospitali, kwa sababu dada yake alikuwa na umri uleule aliokufa nao mama yao. Ukweli alikuwa nao mkononi, na hakuwa na mteja. Alikaa mpaka akachoka kulia, kisha akajipangusa uso, akasimama, akabisha hodi kwa sauti yake ya kazi.

"Sawa, yaya, usikuje. Ni vizuri zaidi. Nilikuwa tu naogopa Mungu. Fungu yako Prof ataweka kwa jina yangu."

Ufunguo ukazunguka.

"Fungu ya nini?"

"Hapana, lala salama."

"Hénock! Fungu ya nini?"

Asubuhi Jocelyne alikuwa Braamfontein kabla ofisi haijafunguliwa, amevaa kitenge cha Jumapili, na alitema kwa bidii mpaka Profesa akamsihi ajibakizie. Majibu yalikuwa yaleyale ya mdogo wake, na vinyama vyake vilikuwa vikubwa zaidi. Vikakatwa. Profesa alimwambia wazi kwamba angengoja kidogo tu asingepona.

Jocelyne alitoka ofisini, akamkuta Hénock kwenye korido ameinamisha kichwa tayari kwa kofi. Akampiga kofi. Kisha akamkumbatia, akamshikilia muda mrefu huku mabega yakimtikisika.

"Bado Placide," alisema mwishowe.

"Tumwambie ukweli, yaya."

"Ukweli itamufikisha wapi?" Jocelyne akatoa simu yake, akaiweka spika, akashusha sauti ikawa tamu na ya siri. "Placide, mutoto ya mama, uko peke yako? Kumetoka urithi, upande ya mama. Tunagawana sisi wawili. Hénock asijue kitu."

Hénock alimnong'oneza, "Mwambie kama hana nafasi, haiko shida."

"Na kama huna nafasi, haiko shida," alisema Jocelyne.

"Nafasi iko!" ilijibu simu. "Nakuja na basi ya leo. Na yule mwizi, yaya, hata harufu asisikie!"

"Hata harufu," aliahidi Jocelyne, na mwizi mwenyewe alikuwa ameegemea ukuta pembeni yake, analia kwa furaha. Profesa Tabia, aliyesikia yote kutoka mlangoni, akarudi ndani kutafuta kichupa kingine.