Tafsiri ya Nyimbo za Baba

Jumatatu, 3 Juni
Baba ameimba! Wiki tatu tangu kiharusi kimwangushe alikuwa akiguna tu, na leo asubuhi kaimba ubeti mzima bila kukosea. Muuguzi anayekuja kumgeuza hakushangaa. Alisema wako wagonjwa wanaopoteza maneno na nyimbo zikabaki, kwa hiyo tumsikilize vizuri. Ananiambia mimi, niliyefundisha ushairi mihula miwili kabla mwalimu mkuu hajanionea wivu. Dada yeye anajua uji na shuka. Kazi hii ni yangu.

Na ina haraka. Baba hajaacha wosia. Nyumba hii haijasemwa itakuwa ya nani, na mimi mwanawe nimebanwa chumba cha uani kama mpangaji. Dada ana mume na ana kwake. Lakini tangu ahamie hapa kumuuguza Baba, anajipendekeza kwa kijiko na taulo. Namwona.

Jumatano, 5 Juni
Baba kaja na mpya. "Safari yangu imewadia, nipeni mkono niinuke." Kairudia mara sita, macho yamemtoka, jasho linamtiririka. Nywele zilinisimama. Safari ni mauti. Mkono ni mrithi. Hata mwanafunzi wa mwisho darasani angeliona hilo.

Nikatoka mbio na ndala hadi kwa karani wa wakili, nikamwambia mzee anakata roho na anataka kutamka wosia. Tukarudi na karatasi na mhuri. Tukakuta kitanda chepechepe na Dada anabadilisha shuka. Kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi kuliko matusi, akamweleza karani kwamba wimbo wa safari Baba huuimba akitaka kwenda chooni. Ule wa mvua ni kiu. Mzee anachagua wimbo wenye neno lililo karibu na shida yake, basi. Karani alinitazama toka utosini hadi kwenye ndala, akaondoka na mhuri wake.

Dada hana jicho la fasihi. Anachukua neno kama lilivyo. Watu wa namna hiyo ndio wanaoharibu mashairi.

Ijumaa, 7 Juni
Dada kabandika karatasi ukutani juu ya kitanda. Mvua: maji. Safari: choo. Nimeibandua. Kumfanya mzee wa watu orodha ya choo na maji ni kumvunjia heshima. Kaibandika tena. Nimeibandua tena.

Nimemvizia karani nje ya ofisi yake. Kwa shingo upande amesema labda, labda tu, angesikiliza kama ningekuwa na sauti ya mzee iliyorekodiwa na mashahidi wasiopungua wawili. Kesho Dada anakwenda kuwaona watoto wake, atarudi magharibi. Mungu hamtupi mja wake!

Jumamosi, 8 Juni
Siku kubwa. Dada alipoondoka aliniachia maagizo mpaka nikachoka: uji saa nne, dirisha lisifunguliwe, blanketi lisitoke mwilini. Nikaitikia yote.

Saa tatu nikafungua madirisha yote mawili ili majirani wasikie, wawe mashahidi. Manyunyu yakaanza, lakini sauti ilikuwa inatoka vizuri. Blanketi lilikuwa linakwaruza simu, nikaliweka kwenye kiti. Nikabonyeza. Na Baba, kama aliyekuwa akinisubiri, akaanza wimbo nisioujua kabisa:

"Baridi imeingia ndani, mwenzangu njoo unifunike."

Mara arobaini na moja! Nilihesabu. Nilijaza kurasa nne. Baridi ni upweke wa nyumba isiyo na mwenyewe. Kufunika ni paa, na paa ni nyumba. Mwenzangu ni mimi, maana chumbani hakukuwa na mwingine. Mkono wake mzima ulikuwa unavuta shuka kuelekea kidevuni, ishara wazi ya umiliki. Kufika saa tisa sauti ilianza kutetemeka. Ni hisia. Hata mimi machozi yalinilenga, nilivyokuwa namwona mzee wangu ananiusia.

Mama wa nyumba ya pili alichungulia dirishani, akaniambia mzee anasikia baridi. Nimemfuta kwenye orodha ya mashahidi.

Jumapili, 9 Juni
Baba ana homa na haimbi. Dada kaniuliza mbona godoro upande wa dirishani limelowa. Nimemwambia ni unyevu wa msimu. Wamempeleka hospitali.

Jumatano, 12 Juni
Baba alifariki jana saa nne asubuhi. Homa ya mapafu. Nimelia mpaka nimepaliwa. Nilimpenda, nasema kweli, na hakuna anayenipa pole kama anavyopewa Dada.

Jumamosi, 15 Juni
Kikao cha ukoo. Baba mdogo alipouliza kama marehemu aliacha neno lolote, nilisimama. Nikaeleza kwanza misingi ya taswira, kisha nikawasha simu.

Walisikiliza wote, wameinamisha vichwa. Ilipofika mara ya ishirini hivi, meno ya Baba yakaanza kusikika yakigongana. Sikuwa nimeyasikia siku ile. Baba mdogo akainuka, akatoka nje bila viatu. Dada akaniuliza, aliimba mara ngapi. Nikamjibu arobaini na moja. Akaniuliza blanketi lilikuwa wapi. Nikamjibu kwenye kiti, lilikuwa linakwaruza simu.

Alishika mlango, akakaa chini sakafuni palepale. Shangazi akaniomba nizime. Nikawaambia bado sijafika kwenye tafsiri.

Jumapili, 30 Juni
Nyumba ni yangu! Dada alitia saini bila kusoma. Alimwambia karani hawezi kukanyaga tena chumba kile, na wengine hakuna aliyeitaka.

Ila ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Nikikohoa chumba hiki najisikia hadi kile. Majirani hawanijibu salamu. Nimempigia Dada mara kumi na moja leo na hapokei. Sikukata tamaa, kwa sababu ameweka wimbo mpya, ule unaomchezea mpigaji simu wakati anasubiri: "Usinitafute tena, kwangu wewe ulishakufa."

Nimeusikiliza mara zote kumi na moja, kalamu mkononi. Angekuwa amenikasirikia kweli angeacha simu ilie tu. Kufa, katika ushairi, ni kuzaliwa upya. Usinitafute, ni wazi, anakataa simu tu, maana dada hatafutwi kwa simu bali kwa miguu. Maskini Dada wa watu, ananiita na hajui aseme vipi. Nimeshafunga begi. Kesho asubuhi naenda, na nitakaa kwake wiki mbili.